Mteja Ana Laki na Nusu, Bei Yako ni Laki Nne: Unafanyaje?



Somo la leo nalitoa kwenye kazi yangu ya kupiga picha za harusi hapa Morogoro. Lakini kama wewe ni fundi cherehani, mpambaji, mpishi wa sherehe au unaoka keki, usipite. Kosa nililofanya mimi, inawezekana na wewe unalifanya wiki hii. Na kama una harusi mbeleni na mfuko haujajaa, sehemu yako iko huko chini, utaikuta.

ILIKUWAJE

Mwaka 2016 alinijia dada mmoja, mama lishe wa pale karibu na stendi ya Msamvu. Mchumba wake alikuwa seremala. Kamati yao ilikuwa ya watu wachache, michango inasuasua, ahadi nyingi kuliko hela iliyo mkononi. Akaniambia waziwazi: "Kaka, kwenye picha tumetenga laki moja na nusu. Najua bei yako iko juu, lakini nimeona kazi yako kwa rafiki yangu. Naomba unisaidie."

Wakati huo harusi nzima nilikuwa natoza laki nne. Unaanza saluni asubuhi, unakwenda kanisani, bustanini, mpaka ukumbini usiku, na albamu juu. Jumamosi aliyoitaja sikuwa na kazi. Nikajiambia, laki na nusu si bora kuliko kulala nyumbani? Nikamjibu, "Usijali dada, tutafanya tu."

Tutafanya tu. Neno hilo limewaponza wengi.

Sikumwambia kwamba kwa hela hiyo kuna vitu havitakuwepo. Alivyoelewa yeye, anapata kazi ileile aliyopata rafiki yake, ila kwa bei ya kusaidiwa. Mimi kichwani nilishaanza kupunguza. Msaidizi nikamwacha. Nikaenda na kamera moja. Halafu Ijumaa jioni nikapigiwa simu: kuna sherehe ya kuzaliwa mtoto, kesho saa 3 usiku, elfu 80. Nikakubali. Nikaona nimeshafidia.

Ukumbini niliondoka saa 2 na nusu usiku. Keki ilishakatwa, maharusi wameshalishana, nikaona makubwa yamekwisha. Nikamwambia MC natoka mara moja. Sikurudi.

Saa 3 na nusu ratiba ikafika kwenye zawadi za wazazi. Mama wa bibi harusi alikuwa ametoka Kilosa, mguu ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo siku nzima alikaa viti vya nyuma. Ndipo akasimama, akashikwa mkono kupelekwa mbele, akamfunga binti yake khanga na kumwombea dua mbele ya watu wote. Nilihadithiwa tu. Wanasema hata wahudumu wa vinywaji walisimama.

Mama yule alifariki miezi minne baadaye. Albamu nilikuwa bado sijaikabidhi, kwa sababu hela ya kuichapisha nilishaila.

Dada alikuja ofisini kwangu msiba bado wa moto. Hakuja kudai albamu. Alitaka picha moja tu ya mama yake ya kuweka sebuleni. Nikawasha kompyuta, tukakaa wote tukaangalia kuanzia picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Mama tulimpata kwenye picha mbili. Moja anaonekana mgongo. Nyingine yuko nyuma ya wasimamizi, nusu uso, na picha yenyewe haijatulia.

Akaniuliza, "Kaka, hakuna hata moja?"

Nilitaka kumrudishia hela yake yote. Akakataa. "Hela kaa nayo. Mimi nilikuwa nataka picha."

KOSA LILIKUWA WAPI?

Wenzangu nikiwasimulia, wengi wanasema kosa ni kupokea hela ndogo. Hapana. Laki na nusu ni hela. Kwa mama lishe anayeuza sahani shilingi 1,500, hizo ni sahani 100, na hapo hujatoa mchele, maharage wala mkaa. Yule dada hakuwa mteja wa hovyo. Alikuja na hela yake na akasema ukweli.

Kosa ni kwamba nilipunguza kazi nyuma ya mgongo wake. Kama ningemwambia, "Dada, kwa hela hii naweza kukaa na wewe saa tatu na nusu, tuchague zipi," angeniambia mwenyewe kwamba kwake cha kwanza ni mama. Alikuwa anajua mama yake hali yake. Mimi sikuuliza.

Shika hili moja hata ukisahau mengine yote: bei ikishuka, lazima kuna kitu kinashuka nayo. Ama mteja atachagua kishuke nini, ama utachagua wewe kimyakimya, na yeye atakuja kukijua siku ambayo hakirekebishiki.

PIGA HESABU KABLA YA KUKUBALI

Baada ya pale nilikaa chini na kalamu. Hii ndiyo ilikuwa hesabu ya ile kazi kama ningeifanya nzima kwa shilingi 150,000, kwa bei zangu za wakati ule:

Bodaboda na bajaji za siku: 10,000
Msaidizi: 30,000
Albamu: 80,000
Umeme na bando: 5,000
Akiba ya vifaa (betri, kadi, matengenezo): 20,000
Jumla: 145,000

Kinachobaki ni 5,000. Na hiyo 5,000 ni ya saa 12 za kusimama, na bado hujagusa kazi ya mezani. Siku nzima ya harusi mimi napiga picha kama 1,500. Nachagua 400. Kila moja nikiirekebisha kwa dakika 3, ni dakika 1,200, yaani saa 20. Jumlisha: saa 32 za kazi kwa shilingi 5,000. Sasa unaelewa kwa nini nilikimbilia ile ya elfu 80, na kwa nini hela ya albamu ililiwa. Sikuzaliwa tapeli. Nilikubali hesabu ambayo ilikuwa lazima inifikishe kwenye utapeli.

Sasa tazama kazi ndogo kwa hela ileile. Saa 3 na nusu tu: ibada, picha za familia nje ya kanisa, na picha za maharusi peke yao. Hakuna albamu, hakuna msaidizi.

Usafiri: 10,000
Picha 20 za kuchapwa, 1,000 kila moja: 20,000
Flashi ya kuwekea picha zote: 10,000
Umeme na bando: 5,000
Akiba ya vifaa: 20,000
Jumla: 65,000

Inabaki 85,000. Picha za kurekebisha ni kama 120, hizo ni saa 6 za mezani. Saa 9 na nusu jumla, na mchana saa 8 uko huru. Ukipata sherehe ya jioni unaiendea kwa haki, hujamkimbia mtu.

Hela ni ileile na mteja ni yuleyule. Kazi ya kwanza inakutia aibu, ya pili inakulisha.

Bei za kwako zitakuwa tofauti, na za leo si za 2016. Usinakili tarakimu zangu, nakili namna ya kupanga. Andika kila kitu kinachotoka mfukoni, andika na saa zako. Fundi cherehani hesabu vifungo, uzi na umeme. Mwoka keki hesabu gesi na boksi. Ukiona kinachobaki hakifiki hata hela ya kibarua wa siku, kazi hiyo ipunguze au iache.

NINI KIPUNGUZWE, NINI KISIGUSWE

Hivi vinaweza kupunguzwa bila mteja kuumia, mradi amekubali mwenyewe:

1. Saa. Hapa ndipo hela nyingi ilipo. Picha za saluni ni nzuri, lakini watu wengi wanazitazama mara moja tu.

2. Albamu. Mpe picha zote kwenye flashi na chache zilizochapwa. Albamu anaweza kuagiza mwaka kesho akipata nafasi. Mimi wengine wamerudi baada ya miaka miwili.

3. Video. Picha na video ni kazi mbili. Mtu mmoja akizifanya zote kwa wakati mmoja, mojawapo itaharibika.

4. Siku. Jumamosi za Desemba na za baada ya Pasaka ndizo zinagombewa. Wanaofunga ndoa bomani katikati ya wiki, au nikaha ya siku ya kawaida, nawapunguzia kwa moyo mweupe, maana siku hizo nimekaa tu.

Na hivi haviguswi, hata mteja awe na elfu 50:

1. Kadi za akiba. Kamera kama Canon 5D Mark III au Nikon D750 zina nafasi mbili za kadi, na unaweza kuzipanga ili kila picha iingie kote kuwili. Kama yako ina nafasi moja, badilisha kadi kila hatua: ya ibada peke yake, ya bustanini peke yake. Moja ikifa, hujapoteza harusi nzima.

2. Betri ya pili, imejaa chaji.

3. Nakala usiku uleule. Ukifika nyumbani, kabla ya kulala, hamishia picha kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni. Kadi usiifute mpaka mteja aseme amepokea picha na zimefunguka.

4. Lenzi inayoona gizani. Kumbi zetu nyingi taa zake ni hafifu au ni za rangirangi. Lenzi ya 50mm f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, na inaingiza mwanga mwingi kuliko ile inayouzwa pamoja na kamera.

5. Orodha ya watu. Hii haina gharama hata shilingi, nami ndiyo niliyoikosa.

Orodha inafanyika hivi. Wiki moja kabla ya harusi namwambia bibi harusi na bwana harusi kila mmoja aniandikie watu kumi ambao picha yao ikikosekana ataumia. Naomba pia jina la shangazi au mjomba mmoja anayewafahamu wote, awe ananiitia. Tukitoka tu ibadani, kabla ya bustani, kabla ya mapozi yoyote, naanza na wazee. Yeyote mwenye fimbo, mwenye presha, aliyesafiri kutoka mbali, huyo wa kwanza. Mama akiwa amekaa nyuma, namfuata hukohuko: "Shikamoo mama, naomba dakika mbili na binti yako." Zinatosha.

MWAMBIE HIVI

Najua kinachowashinda wengi ni mdomo. Unaogopa ukitaja mipaka mteja ataondoka. Mimi siku hizi nasema hivi:

"Asante dada kwa kuniambia ukweli wa bajeti. Kwa laki na nusu siwezi kukupa siku nzima, nitakudanganya. Lakini naweza kukupa saa tatu na nusu nzuri kabisa. Katika siku yako nzima, ni sehemu gani ukiikosa utalia? Tuanzie hapo."

Halafu nyamaza, umsikilize. Kuna aliyenijibu ibada. Kuna aliyesema, "Kanisani kila mtu atapiga na simu, mimi nataka ukumbini, babu yangu atacheza sindimba." Nikaenda ukumbini tu. Wewe huwezi kulijua hilo mpaka uulize.

Wapo watakaoondoka, sikufichi. Ila anayebaki anabaki akijua anachonunua, na huyo hagombani na wewe baadaye.

ANDIKA, HATA KWA UJUMBE WA SIMU

Mkataba si lazima uwe wa mwanasheria. Mkishaelewana, mtumie ujumbe kama huu kwenye WhatsApp:

"Habari dada. Tumekubaliana hivi: nitapiga picha tarehe fulani, kuanzia saa 4 na nusu asubuhi mpaka saa 8 mchana, kanisani na bustanini. Nitakuja mimi mwenyewe. Utapata picha zisizopungua 100 zilizorekebishwa kwenye flashi, na 20 za kuchapwa, ndani ya siku 21. Hakuna video, hakuna albamu, ukumbini sitakuwepo. Bei 150,000. Umelipa 75,000 leo. Ukikubali nijibu NIMEKUBALI."

Ona kwamba nimeandika na visivyokuwepo. Ugomvi mwingi unatoka kwenye vile ambavyo kila mtu alidhani vipo.

Kitu kingine kidogo: ukitaka kutumia picha zao kujitangazia, omba ruhusa humohumo kwenye ujumbe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Halafu hata sheria pembeni, uso wa mtu si bango lako.

MALIPO: USISUBIRI KAMATI IVUNJWE

Wenye kazi za harusi mnajua. Kabla ya harusi mwenyekiti anapokea simu mlio wa kwanza. Kamati ikishavunjwa, kila mtu anakurusha kwa mwenzake, na mweka hazina amesafiri.

Mimi nagawa hivi: nusu siku ya kushika tarehe, asilimia 30 wiki ya harusi, asilimia 20 siku ya kukabidhi. Kwenye laki na nusu hiyo ni 75,000, kisha 45,000, kisha 30,000. Ile ya mwisho naiacha makusudi, ili mteja naye awe na kitu cha kunibana nikichelewa. Ila naomba mweka hazina amkabidhi bibi harusi mkononi kabla ya siku yenyewe, isiwe kwenye ahadi za watu.

Na hela ya kuchapisha ikiingia, ipeleke kwa mchapaji au iweke kwenye laini nyingine ya simu. Hela ya mteja ikichanganyika na ya mboga, inaliwa. Nimeshakwambia mimi ililiwa.

KWA WEWE MWENYE HARUSI NA BAJETI NDOGO

Taja bajeti yako mapema bila aibu, kisha uliza maswali manne:

Kwanza, "Nionyeshe harusi moja nzima uliyopiga." Usikubali kuonyeshwa picha kumi bora za ukurasani. Kila mtu ana picha kumi nzuri. Kama sherehe yako ni ya usiku, omba ya ukumbini usiku.

Pili, "Utakuja wewe mwenyewe?" Wapo wanaopokea kazi tatu kwa siku moja na kukutumia kijana wa mazoezi.

Tatu, "Kwa hela hii, ni nini sitapata?" Akikujibu "vyote utapata", na bei yake ni nusu ya wenzake, jiulize anapunguzia wapi.

Nne, "Nakabidhiwa lini, picha ngapi?" Ajibu kwa tarehe na idadi.

Usichelewe pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla. Ukisubiri mpaka matangazo yaanze kusomwa ndipo utafute mpiga picha, umebakiwa na wiki tatu, na utampata aliyebaki.

Na tafadhali, kama una mzazi anayeumwa, mwambie mpiga picha. Usione unaleta mkosi. Unamsaidia ajue pa kusimama.

KAZI YA WIKI HII

Chukua karatasi. Andika kazi yako moja unayoiuza mara nyingi, na gharama zake zote pamoja na saa zako. Chini yake tengeneza kazi ndogo ya nusu ya bei, ambayo ukiifanya inakulipa na mteja anaondoka na kitu kamili. Ipe jina. Mteja mwenye hela ndogo akija, usimfukuze, na usimwambie "tutafanya tu". Mwonyeshe hiyo.

Mimi ile kazi ndogo ndiyo inayonilipia kodi ya ofisi miezi mingi ya mwaka, kuliko hata zile harusi kubwa.

Yule dada bado anauza chakula Msamvu. Nikipita tunasalimiana vizuri, na nikikaa ananiwekea wali na maharage kama mteja mwingine yeyote. Ila tangu 2016 hajawahi kuniletea mteja hata mmoja, na mimi sijawahi kumwomba.

Mpelekee somo hili mwenzako mmoja mwenye kazi ya sherehe, na mwingine mmoja aliye kwenye kamati. Tukutane somo lijalo. Biashara njema.